Mwanga laini hauletwi na kusugua rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme jambo moja kuhusu uchoraji wa sura za watu kwa rangi za mafuta, kwa sababu vijana wengi wanaojifunza wenyewe kupitia simu wanakwama mahali pale pale. Wanaiona picha ya uso ulioangukiwa na mwanga mpole, mwanga wa dirishani usio na kivuli cha kukata kama kisu, nao wanadhani imepatikana kwa kupitisha brashi juu ya rangi mbichi tena na tena mpaka kila kitu kilainike. Wakijaribu wao wanapata uso kama puto: paji halina mfupa, shavu halina upande, na rangi imegeuka tope. Mwanga laini hutengenezwa chumbani kabla tyubu haijafunguliwa, kisha hupimwa kwenye ubao wa kuchanganyia. Brashi huja mwisho, na kazi yake ni ndogo kuliko inavyosifiwa.

Kwanza chumba. Mwanga huwa laini chanzo chake kinapokuwa kikubwa kwa kulinganisha na umbali wake kutoka usoni. Dirisha la upana wa mita 1, likiwa mita 1 kutoka kwa anayechorwa, hutoa kivuli chenye ukingo mpana unaofifia taratibu. Mtu huyo huyo akirudi ndani mita 4, dirisha linakuwa dogo mbele yake na kivuli cha pua kinaanza kukaza. Jua nalo, pamoja na ukubwa wake wote, liko mbali hata likaonekana angani kama kiduara tu, na ndiyo maana kivuli chake hukata. Basi anayechorwa akae kati ya mita 1 na mita 1 na nusu kutoka dirishani, uso wake ukiwa umegeuzwa kidogo ili upande mmoja upate mwanga wote na upande wa pili ubaki na pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, alilipenda sana pambo hilo, na mpaka leo wapiga picha wanaliita kwa jina lake.

Vitabu vya Ulaya vinasema chumba cha mchoraji kiwe na dirisha la kaskazini. Kwa Amsterdam au London ni kweli, kwa kuwa huko jua la mchana liko upande wa kusini mwaka mzima, na dirisha la kaskazini hupokea mwanga wa anga peke yake. Kwetu ushauri huo unapotosha. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na miezi inayobaki hupita kusini. Kwa hiyo anayechora Dar mwezi wa Juni atafute dirisha la kusini, na mwezi wa Desemba ahamie la kaskazini. Nairobi, iliyo jirani zaidi na ikweta, inaugawa mwaka karibu nusu kwa nusu: katikati ya Machi jua linahamia kaskazini, mwishoni mwa Septemba linarudi kusini. Asiye na madirisha ya kuchagua, kama dirisha lake linatazama mashariki achore alasiri, na kama linatazama magharibi achore asubuhi. Jua likilazimisha kuingia, tundika shuka jeupe lisilo na maua dirishani. Shuka lenyewe ndilo litakalokuwa taa yako.

Kuna jambo lingine la nchi zetu ambalo vitabu hivyo havilitaji. Saa sita mchana jua likiwa utosini, ua wa saruji au mchanga mweupe nje ya dirisha hurusha mwanga kutoka chini kwenda juu. Mwanga huo huingia chini ya kidevu na chini ya pua, ukafuta vivuli vinavyoupa uso umbo. Ziba nusu ya chini ya dirisha kwa kitambaa cheusi au boksi hadi mita 1 na nusu kutoka sakafuni, ili mwanga uje kutoka juu ya usawa wa macho. Kama nje kuna mwembe, jua kwamba majani yake yanatia ukijani kwenye shavu. Usishangae ukauona, na usiuchore kama hukuutaka. Zima taa zote za ndani. Ukuta mweupe ulio karibu na upande wa kivuli ufunike kwa kitambaa cha rangi tulivu, kwa sababu nao ni taa. Khanga nyekundu begani itatia wekundu chini ya taya, na hilo linaweza kupendeza, mradi umelikusudia.

Anayechora usiku atumie balbu moja ya LED yenye mwanga wa mchana, karibu 5000 kwa kelvini, yaani kipimo cha rangi ya mwanga, ipenye kwenye shuka lililotandazwa sentimita 80 hivi kutoka usoni, na turubai, yaani kitambaa unachochorea, pamoja na ubao wa rangi vipate mwanga wa aina hiyo hiyo. Chini ya balbu ya njano macho hayatofautishi vizuri njano na nyeupe, na asubuhi picha inaonekana nyingine kabisa. Anayechora kutoka kwenye picha ya simu arudi nyuma mita 2 au zaidi kabla ya kupiga, maana ukisogea karibu pua inavimba na masikio yanarudi nyuma, kisha azime vichujio vya urembo. Simu nyingi pia huangaza vivuli zenyewe bila kuombwa. Picha ya namna hiyo imeshaondolewa kile unachotaka kujifunza.

Sasa vifaa, na hapa neno lenyewe linatuponza. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta, utapewa kopo la rangi ya kung'aa ya milango na mageti. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za namna hiyo kwenye hadibodi, na kwa mtindo wake wa mistari safi na rangi bapa zilimfaa kabisa. Kwa uso wenye mwanga laini hazifai: zinashika mapema mno, na mpaka kati ya mwanga na kivuli unakauka hujamaliza kuushughulikia. Unachohitaji ni rangi za wasanii za tyubu, zilizosagwa kwa mafuta ya kitani, zinazobaki mbichi siku nzima na zaidi.

Tyubu 7 zinatosha: nyeupe ya titani, oka ya njano, kadimiamu nyekundu, alizarini (nyekundu nzito ya damu ya mzee), siena ya kuchoma (kahawia yenye wekundu), umba ya kuchoma (kahawia nzito) na ultramarini (buluu). Nyeusi iache kwanza. Nyeusi ya mifupa hukauka polepole sana, na ultramarini pamoja na umba hutoa giza lenye uhai zaidi. Chupa ndogo ya mafuta ya kitani inunuliwe duka la wasanii; yale yaliyochemshwa ya duka la seremala yamewekewa dawa za kukausha na huleta unjano upesi. Mafuta ya nazi hayakauki kamwe, na ya alizeti ya kupikia yanachelewa mno, ila yote mawili yanafaa kusafishia brashi kabla ya kuziosha kwa sabuni. Kiyeyushio kiwe tarpentaini au waiti spiriti. Thina ya kupulizia magari usiiguse: inaondoa rangi ya chini uliyokwisha kuiweka, na mvuke wake unaumiza kichwa na mapafu. Madirisha yawe wazi hata kwa tarpentaini.

Brashi bapa namba 8 na namba 4, mbili mbili, na moja nyembamba namba 2. Zile za nywele ngumu hutengenezwa kwa manyoya ya nguruwe. Asiyetaka kuyagusa atafute za nailoni ngumu, zinafanya kazi vizuri. Ile iliyochanua kama upepeo, ambayo wengi hukimbilia kuinunua ili walainishe, ibaki dukani. Kitambaa cha marikani kilichowambwa kwenye fremu ya sentimita 40 kwa 50 kinatosha, ila kipakwe jeso ya akriliki, yaani rangi nyeupe ya kutayarishia kitambaa, mikono mitatu na kila mkono ukauke. Marikani tupu hunywa mafuta ya rangi na mwishowe nyuzi huoza. Rangi ya ukuta ya maji isiwekwe badala ya jeso. Ni dhaifu, na juu yake rangi ya mafuta inaweza kubanduka.

Tuje kwenye ngozi. Mapishi mengi yanayozunguka yanaanza na fungu kubwa la nyeupe, linaongezwa oka na nyekundu. Ni mapishi ya ngozi ya Mzungu. Mwanafunzi wetu hulichukua fungu lile lile akalimwagia kahawia, na uso unaotoka ni wa mtu aliyepakwa majivu. Nyeupe haiishii kuangaza rangi. Huipoza na kuifubaza. Chukua kipimo cha ngazi 10, ambapo 1 ni nyeusi na 10 ni nyeupe. Uso wa Mzungu kwenye mwanga laini hukaa karibu ngazi ya 7 au 8. Uso wa maji ya kunde, upande wake wa mwanga, uko karibu 5, na wa mtu mweusi zaidi uko 3 au 4, huku kivuli kikiwa 2. Maana yake ni kwamba uso wetu karibu wote unakaa ndani ya ngazi chache, na umbo lake linageuzwa zaidi na badiliko la rangi, kutoka joto kwenda baridi, kuliko na badiliko la weupe. Ukilielewa hili umeshavuka sehemu ngumu.

Kwa uso wa maji ya kunde kwenye turubai ya kipimo hicho, andaa mafungu matano kwa kisu kabla hujashika brashi, kila moja ukubwa wa korosho mbili. Giza kuu: umba ya kuchoma na ultramarini sawa kwa sawa, na nukta ya alizarini. Kivuli: siena ya kuchoma sehemu 2, ultramarini sehemu 1. Utusitusi, yaani ule ukanda ulio kati ya mwanga na kivuli: siena sehemu 2, oka 1, ultramarini robo. Mwanga: oka 2, siena 2, kadimiamu robo, nyeupe nusu tu. Mng'ao: nyeupe 2, fungu la mwanga 1, na ultramarini kiasi cha ncha ya kisu, hili la mwisho ukubwa wa punje ya choroko linatosha uso mzima. Kwa ngozi nyeusi zaidi, kwenye fungu la mwanga punguza oka, badala ya kadimiamu tia alizarini, na nyeupe karibu uiondoe. Tyubu hazilingani nguvu, hivyo pima kwa macho: weka kila fungu kwenye ncha ya kisu, kinyanyue mbele ya uso wa anayechorwa, linganisha.

Kwa nini mng'ao uwe na ubuluu? Kwa sababu kile king'aacho kwenye paji na mfupa wa shavu ni taswira ya dirisha lenyewe, na dirisha linatazama anga. Kila ngozi huakisi taswira hiyo karibu kwa kiasi kile kile, lakini ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache zaidi kutoka ndani yake, ndiyo maana mng'ao wake hujitokeza wazi na kupendeza. Wanaoogopa kuuweka huishia na uso uliozimika. Wekundu wa mashavu, pua na masikio nao kwenye ngozi nyeusi huelekea zambarau, ndipo alizarini inapoishinda kadimiamu. Paji lina unjano zaidi, na taya la mwanamume aliyenyoa lina ubaridi.

Anayetaka kuona hayo yamefanywa na mabingwa atazame kwenye mtandao picha ya Juan de Pareja, msaidizi mwenye asili ya Afrika, iliyochorwa na bwana wake Mhispania Velázquez mwaka 1650, iliyopo Metropolitan Museum mjini New York, na ile ya Waafrika wawili ya Rembrandt ya mwaka 1661, iliyopo Mauritshuis mjini The Hague. Kisha atazame picha ya somo la banjo ya Henry Ossawa Tanner, Mmarekani mweusi, ya mwaka 1893: mzee na mtoto wameangukiwa upande mmoja na mwanga baridi wa dirisha na upande wa pili na mwanga wa moto wa jikoni. Akuze picha kwenye simu mpaka alama za brashi zionekane. Kwenye uso wa Pareja mapigo ya brashi yako wazi, na bado ukirudi nyuma mwanga ni mlaini.

Kuweka rangi sasa. Ipake turubai umba iliyoyeyushwa kwa tarpentaini, ifute kwa kitambaa ibaki kahawia hafifu, na juu yake chora kwa umba hiyo hiyo. Macho hukaa katikati ya urefu wa kichwa, si juu. Kosa hili pekee linaharibu nusu ya kazi za wanaoanza. Finya macho yako mpaka vitu vidogo vipotee: utaona vivuli vya tundu la jicho, upande wa pua na chini ya taya vimeungana kuwa umbo moja. Chora umbo hilo moja kwanza. Umba hukauka upesi kwa kuwa ina manganizi, hivyo kesho au keshokutwa unaendelea.

Mkono wa pili weka kivuli chembamba, utusitusi, kisha mwanga ulio mzito kidogo, kama vipande vya vigae vilivyokaa bega kwa bega. Usivichanganye bado. Simama mita 2 nyuma utazame. Kama vipande vimepimwa sawasawa, uso utaonekana mlaini tayari kabla hujalainisha chochote. Usipoonekana hivyo, kosa liko kwenye mafungu, na kusugua hakutaliponya. Vikiwa sawa, chukua brashi safi kavu, ipitishe mara moja kukatiza mpaka wa mwanga na utusitusi kwa mapigo mafupi ya kwenda na kurudi, ifute kwa kitambaa, kisha mara moja kuufuata mpaka wenyewe. Ifute tena. Brashi isiyofutwa hubeba kivuli mpaka kwenye mwanga, na tope huanzia hapo.

Si kila ukingo unapaswa kulainika. Kivuli cha pua kina ukingo mkali pale kinapoanzia na kinazidi kufifia kinavyoteremka kuelekea mdomo. Pembe za mdomo ni laini, kope ya juu ni kali, nywele zinapokutana na paji hazina mstari. Katika picha ya msichana mwenye hereni ya lulu ya Mholanzi Vermeer, iliyochorwa karibu mwaka 1665, hakuna mstari wowote unaotenga mgongo wa pua na shavu la mbali. Rangi imeachwa iungane, na jicho la mtazamaji linaumalizia. Acha nawe kingo kadhaa zipotee upande wa kivuli, mahali sikio au bega linapoingia kwenye giza la nyuma.

Makosa mawili hujirudia mno. La kwanza ni weupe wa jicho kupakwa nyeupe. Kope ya juu huutilia kivuli, na kwa kawaida ni kijivu chenye ukahawia, karibu sawa na mwanga wa shavu. La pili ni mwanga unaorudi chini ya taya kutoka kwenye nguo: unaonekana mwangavu kwa sababu umezungukwa na giza, mchoraji anauangaza, na taya linabanduka kutoka usoni. Usiupandishe kamwe juu ya utusitusi. Kioo kidogo cha mkononi, ukiitazama picha humo ikiwa imegeuzwa, huyafichua yote mawili papo hapo.

Ukitaka ulaini zaidi, subiri ikauke. Rangi nyepesi iliyo wazi kama kioo, mathalani siena na tone la mafuta, ikitandazwa juu ya mwanga uliokauka hutia joto. Rangi ya mwanga ikikwanguliwa kidogo sana juu ya giza hutia ukungu wa baridi. Leonardo da Vinci alifanya kazi kwa tabaka nyembamba mno za namna hii, ndiyo maana kwenye Mona Lisa huoni mahali kivuli kinapoanzia. Kanuni ya tabaka ni moja: la chini liwe na mafuta machache, la juu mengi zaidi. La kwanza tarpentaini tupu, la pili rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu, la tatu na kuendelea tone la mchanganyiko wa mafuta sehemu 1 na tarpentaini sehemu 2. Ukigeuza, tabaka la juu linakauka huku la chini bado linatembea, na uso unapasuka nyufa.

Vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye pipa. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na fundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vizamishe kwenye kopo la maji lenye kifuniko.

Rangi ya mafuta haikauki kwa kuanikwa ikatoa maji kama nguo; hukauka kwa kuvuta hewa. Kwa hiyo usiifungie kabatini. Kwenye unyevu wa pwani tabaka la pili linaweza kuchukua wiki nzima au zaidi kabla halijaacha kunata, na picha iachwe nafasi ya vidole viwili kutoka ukutani ili nyuma isishike kuvu. Vanishi isubiri miezi 6 hadi mwaka. Sehemu zikififia katikati ya kazi, zisugue kwa mafuta kidogo sana kisha yafute yote, rangi hurudi. Na picha iliyokaa gizani ikaingia unjano isitupwe wala isipakwe upya: iweke karibu na dirisha, pasipo jua kali, kwa wiki chache.

Wako,
Mwalimu wa uchoraji,
Dar es Salaam